Pakiti Saba za Maziwa

Wewe ukirukiwa na kitu kikali machoni, saa hii, hapo ulipokaa, utakimbilia nini kwanza? Fikiria kabla ya kunijibu. Mimi niliulizwa swali kama hilo na mtu ninayempenda kuliko wote. Nilijibu haraka, tena kwa furaha.

Wacha nianze na nyoka, kwa sababu bila nyoka hutaelewa.

Mjukuu wangu Ndila alikuwa na miaka sita. Tunakaa Ndithini, mahali ambapo mvua ikija inapita mbio kama mtu aliyesahau sufuria motoni. Nilimlea mimi, maana mama yake, binti yangu Mutindi, aliolewa mara ya pili huko Yatta na mume hakutaka mtoto wa kuja naye. Asubuhi moja Ndila aliingia kwenye kibanda cha kuku kutafuta mayai. Ndani kulikuwa na swila, yule nyoka wa kutema mate, amejikunja kwenye kiota cha kuku mwekundu. Akamtemea mtoto machoni. Mimi nilikuwa nakama ng'ombe, niko na sufuria yangu ya bluu iliyobonyea mdomo, imefika nusu. Nikamlaza Ndila magotini, nikamfungua macho kwa vidole, nikamwagia maziwa yote. Siku mbili macho yalikuwa mekundu kama pilipili. Siku ya tatu akanitazama akaniambia, "Susu, uko na ndevu mbili kwa kidevu." Susu ndiyo bibi, kwa Kikamba.

Hadithi hiyo nimeisimulia kanisani siku ya shukrani, nimeisimulia kwa kikundi cha akina mama, nimeisimulia hata kwenye foleni ya chanjo ya mbuzi. Nilijua mahali pa kunyamaza kidogo ili watu washike vifua, na mahali pa kuweka zile ndevu ili wacheke. Ndila alikuwa anakaa hapo kando, na nikimaliza anainua uso watu wamwangalie macho. Kila mara hadithi iliishia kwa maziwa.

Akakua, akamaliza kidato cha nne, akapata kazi Athi River kwenye kiwanda cha sabuni ya kipande. Likizo yake ya kwanza alikaa kwa kigoda changu akanichorea kazi yao mchangani kwa kijiti. Sabuni inaanza na mafuta na kitu wanachokiita kostiki. Ni vipande vyeupe, vyembamba kama mshumaa uliomenywa, vinakuja kwa magunia ya plastiki. Ukivitia kwenye maji, maji yanachemka bila moto. Kwa hivyo kuna namna yake: maji kwanza, mengi, halafu kostiki kidogo kidogo ukikoroga. Ukigeuza mambo, ukaanza na kostiki ndipo umwagie maji juu, inaruka.

"Na ikikurukia?" nikamuuliza.

"Inakula, Susu. Haichomi kama moto. Kwanza unasikia utelezi, kama sabuni. Sasa huo utelezi ni ngozi yako."

Nikamwambia anyamaze, nilikuwa bado sijala.

Yeye hakuwa wa kukoroga. Yeye na wasichana wengine walikuwa wanakata vipande na kupanga kwa katoni. Wa kukoroga alikuwa Kuria, mwanamume wa makamo, na miwani ile ya plastiki ya kufunika macho yote ilikuwa moja tu hapo kiwandani, ya Kuria, kwa kabati ya Kuria. Wengine walipewa maziwa. Kila siku saa nne asubuhi, pakiti moja ya nusu lita, yale yasiyoharibika upesi, kwa kila mtu. Wanasema yanaosha kifua na kuua ile harufu. Hakuna aliyekuwa anayanywa. Akina mama waliyabeba kwa watoto wao, na Ndila alinibebea mimi kila mwisho wa mwezi, pakiti zimejaa ule mkoba wake wa mistari, kwa sababu ng'ombe wangu alikufa na kiangazi. Nikawa nakunywa chai na ile dawa ya mjukuu wangu, na nikiisifu kwa majirani.

Sasa ile Jumapili. Nilikuwa nimetoka kanisani, nimevua viatu, nachambua ndengu kwenye ungo. Simu ikalia.

"Susu, umeshindaje?"

"Nimeshinda vizuri, mama. Umekula?"

"Nimekula. Susu, Kuria ameenda likizo. Wamesema mimi ndiye nitakoroga wiki hii na ijayo."

"Wameona uko na akili."

"Hata sijafundishwa. Nimekuwa nikiangalia tu."

"Kuangalia ndiko kusoma. Mimi kuna mtu alinifundisha kukama?"

Nilisikia pikipiki ikipita upande wake. Kisha akasema, "Jana nimeanza, ikanirukia kwa mkono. Kidogo tu." Halafu, "Susu, ile siku ya nyoka, uliniosha na nini?"

Sitakuficha, nilifurahi. Msichana amesoma hadi kidato cha nne, yuko kiwandani na mashine, na bado ananiuliza mimi. Nikaanza tangu mwanzo: kuku mwekundu, sufuria iliyobonyea, vidole vyangu kwenye kope zake. Hata ndevu sikuziacha. Hakunikatiza.

"Kwa hivyo ni maziwa," akasema.

"Ni maziwa, mama. Na uvumilie. Kazi siku hizi haipatikani. Kuria si atarudi?"

"Atarudi. Sawa, Susu."

Hakukata simu. Nilimsikia akipumua. Mimi ndiye niliyekata, kwa sababu kuku walikuwa wameingia kwenye ndengu.

Yaliyotokea Jumanne niliyapata kwa Emily, rafiki yake wa kukata vipande, msichana wa Mlolongo mwenye sauti nyembamba. Tulikuwa tumekaa kwenye benchi la hospitali, mlango wa wadi ya macho umefungwa, na yeye bado amevaa ile aproni ya kazi yenye madoa meupe.

"Maji ya mfereji haikuwa imekuja tangu wikendi," akaniambia. "Tukikosa, inaletwa na lori. Sasa Gatimu, suparavaiza wetu, akasema tusipoteze wakati. Kostiki itangulie kwa pipa, lori ikifika tumwage maji juu. Ndila akasema, 'Lakini Kuria huanza na maji.' Gatimu akamwambia, 'Basi enda umwite huko likizo.' Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka, Susu."

"Endelea."

"Lori ikachelewa. Kulikuwa na ndoo mbili za maji tulikuwa tumeweka za kuosha sakafu. Gatimu akasema tuanze na hizo. Ndila akainua ya kwanza akamwaga. Ikalia vile chapati hulia kwa mafuta. Halafu ikapanda yote, ikamrukia kwa uso."

"Na miwani?"

"Iko kwa kabati ya Kuria. Alienda na ufunguo Murang'a."

Niliangalia mikono yake. Alikuwa anazungusha kifuniko cha chupa ya soda, anazungusha tu.

"Alikimbia kwa meza ya chai," akasema. "Alikuwa anaita maziwa. Alikuwa haoni, anapapasa hivi. Akapata pakiti yake akaipasua na meno, akajimwagia. Ikaisha. Akaita ingine. Nikampatia yangu. Mama Lavender akatoa yake. Kila mtu akatoa, Susu, na kila mtu alikuwa ameweka ya mtoto. Hakuna alikataa. Zilifika saba."

"Saba."

"Ile ndoo ya pili hakuna aliikumbuka. Halafu tukamtoa kwa gari ya kampuni. Na tukipita ofisini kwa Gatimu kuna ile chupa kubwa ya maji ya kunywa, ya lita ishirini, imepinduliwa kwa mashine yake. Ilikuwa imejaa. Niliiona kabisa. Niliipita, nikiwa nimebeba pakiti ya mwisho, nikimwambia, 'Maziwa bado iko, Ndila, maziwa bado iko.'"

Nilimtolea leso yangu, akakataa, akainua ile aproni ya madoa, nikamshika mkono kabla haijafika machoni.

Daktari wa macho alikuwa msichana mdogo, Daktari Wacera, amefunga nywele kwa raba kama mtoto wa shule. Alituuliza mgonjwa alioshwa na nini. Emily akanitazama. Mimi ndiye niliyesema maziwa.

"Kiasi gani?"

"Pakiti saba za nusu lita."

"Na maji alipata baada ya muda gani?"

"Hapa hapa kwenu," Emily akasema. "Labda saa nzima. Barabara ya Mombasa ilikuwa imejaa magari."

Daktari akaweka kalamu chini. Hakuwa mkali. Ningetaka awe mkali. "Mama," akaniambia, "kitu kama hicho kikiingia machoni, ni maji. Maji mengi, yakitiririka, hapo hapo, nusu saa nzima bila kuacha, kabla hata ya kutafuta gari. Mtu akisaidia kushikilia jicho liwe wazi. Hii si kitu cha kumwagia mara moja ukapanguza. Ukiiacha inaendelea kuchimba ndani."

"Maziwa ndiyo yamemharibu?"

"Hapana. Kama hakuna kitu kingine, hata maziwa ni afadhali. Ni kwamba yalikuwa kidogo, na mlikuwa mnayategemea. Lakini hapo kiwandani hamkuwa na maji yoyote kweli?"

Emily akatazama viatu vyake.

Jicho la kulia lilikuwa limegeuka jeupe kama yai lililochemshwa. La kushoto lingengojewa. Daktari alisema kuna kupandikiza, kuna foleni ya Nairobi, lakini jicho lililoliwa hivyo mara nyingi halishiki kipandikizi. Alisema "tutangoja" mara tatu. Mimi kungoja ni kazi ninayoijua. Nimengoja mvua, nimengoja watu warudi kutoka Nairobi, nimemngoja Mutindi abadilishe roho. Nikarudi kwenye benchi nikangoja.

Ndipo akapita mama wa usafi akisukuma ndoo yake ya magurudumu, na maji ndani yakicheza, chwa, chwa. Na mimi nikakumbuka mtungi.

Ilikuwa hivi. Maziwa ya ile sufuria yaliisha mara moja. Ng'ombe mwenyewe hakuwa wa kusifiwa. Mtoto bado alikuwa analia. Kulikuwa na mtungi wa manjano, lita ishirini, niliokuwa nimeteka mtoni jioni iliyotangulia, na kikombe cha bati kimening'inia kwenye mpini. Nilimkalia mtoto hapo chini nikimmwagia kikombe baada ya kikombe, yeye akipiga mateke, hadi mtungi ukaisha. Jirani yangu Munyiva akasikia kelele akaleta wake, nikaendelea na huo. Jua lilikuwa limepanda juu ya banda nilipoacha. Nguo zangu zilikuwa zimelowa hadi kiunoni.

Miaka kumi na minane nimesimulia hadithi hiyo. Niliweka rangi ya kuku. Niliweka sufuria na mahali ilipobonyea. Mimi ni mtu wa kuweka kila kitu, hata watoto wangu hunilaumu. Maji sikuyaweka hata siku moja. Maji ni maji. Nani husimulia maji?

Wiki ya tatu nilikwenda kiwandani kuchukua vitu vya Ndila. Askari wa getini akaniandika kwenye kitabu, kisha Gatimu akaja mwenyewe. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, lakini alikuwa mtu mwembamba, shati limetoka kwa suruali, na kucha zake zimelika hadi nyama, za mkono wa kulia zote.

"Pole, shosho," akasema, yaani bibi. "Pole sana."

Alinipeleka kwa kabati ya Ndila. Sweta, viatu vya wazi, kichana, na mkoba wa mistari umekunjwa mara nne. Tukirudi nikaliona ukutani lile beseni la kijani ambalo Emily hakunitajia. Juu yake kuna kibao cha Kiingereza, na picha ya jicho likirushiwa maji, mtu yeyote angeielewa. Lina kibao cha chuma cha kusukuma kwa mkono. Nikasukuma. Likatoa pumzi, kama mtu anayetaka kusema halafu anaghairi.

"Haina maji," nikamwambia.

"Lori ilikuja asubuhi. Imejaza mapipa tu." Akaangalia nyuma, akapunguza sauti. "Nimeandika barua tatu, shosho. Ya tangi, ya miwani, ya hiyo kitu. Wananiambia ngoja."

"Na siku ile ulikuwa unangojea nini?"

Aliniongoza ofisini, akanipa kiti, akanipa maji kutoka kwenye ile chupa kubwa iliyopinduliwa. Niliyashika hayo maji sikuyanywa. Kisha akatoa karatasi. Mimi niliishia darasa la saba na Kiingereza cha karatasi kama hizo hakinijui, kwa hivyo alinisomea mwenyewe kwa Kiswahili, polepole, bila kuinua macho. Kwamba Ndila alielezwa hatari ya kazi. Kwamba kiwanda kina miwani na beseni la kuoshea macho. Kwamba alipoumia hakwenda kwenye beseni, alijiosha na kitu kisichoruhusiwa, kwa hiari yake.

"Hiyo ya kwanza ni uongo," nikasema.

"Eeh."

"Na hiyo ya mwisho?"

Akanitazama. Na mimi nikamtazama. Sote tulijua hiyo ya mwisho ni kweli, na mimi nilijua ilitoka wapi.

Nilikataa kuweka kidole. Alisema hakuna neno, kulikuwa na nafasi ya mashahidi wawili na wawili walikuwa wameshatia sahihi. Nikauliza kama Kuria amerudi. Akasema alipiga simu, harudi tena, ameamua kulima.

"Sasa anayekoroga ni nani?"

"Emily."

Nilimpata Emily kwenye kivuli cha ukuta, wakati wao wa kula. Nilimshika mabega nikamwambia maji kwanza, Emily, hata wakupigie kelele. Na ikikupata, kimbilia maji, acha kila kitu. Akaniambia, "Najua, Susu. Siku hizi natoka na mtungi wangu nyumbani." Akanionyesha. Mtungi wa mafuta ya kupikia, lita tano, umefungwa kwa karatasi ya nailoni badala ya kifuniko. Lita tano. Niliusifu.

Gatimu alinisindikiza hadi getini, akanitia katoni mikononi. Maziwa, pakiti kumi na mbili. "Ya mgonjwa," akasema. Nilitaka kuitupa hapo barabarani malori yaipite. Lakini mkono mmoja ulikuwa na sweta na viatu, wa pili ukawa na katoni, na gari la kurudi lilikuwa linapiga honi. Nikaibeba hadi Ndithini. Iko chini ya kitanda changu, haijafunguliwa.

Ndila alitolewa hospitali mwezi wa kumi na moja. Jicho la kushoto linaona mwanga na kivuli. Mtu akipita mlangoni anajua mtu amepita, hajui ni nani. Asubuhi anageuza kigoda kuelekea jua. Najua anageuza kwa sababu gani. Kila siku anangoja kuona kama jua litakuwa jeupe zaidi kuliko jana. Chai tunakunywa ya rangi, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Kazi amejichagulia mwenyewe: anachambua ndengu. Anazipitisha vidoleni moja moja, mawe anayatupa upande wa kushoto. Anafanya vizuri kuliko mimi. Juzi asubuhi nilikaa karibu naye na ungo wangu. Tukachambua muda mrefu. Nilikuwa nimelibeba lile jambo tangu siku ya benchi, na kila nikifungua mdomo nilikuwa nauliza kama ameshiba.

"Ndila."

"Mm."

"Ile siku ya nyoka. Kulikuwa na maji pia. Mtungi mzima, na wa Munyiva. Maziwa yalikuwa kidogo. Ni maji ndiyo yalikuosha, na mimi sikukwambia."

Vidole vyake havikusimama.

"Najua, Susu."

"Unajua?"

"Si nilikuwa hapo? Nakumbuka yakiingia kwa shingo, baridi. Nakumbuka ukinikalia miguu."

Nikaweka ungo chini, ndengu zikamwagika. "Basi mbona ulikimbilia maziwa?"

Alifikiria. Ana namna ya kuinamisha kichwa siku hizi, kama kuku anayesikiliza.

"Macho yakifunga hivyo huwazi kitu," akasema. "Unasikia tu sauti. Mimi nilisikia yako, ile ya simu. Ikaniambia maziwa, nikaenda."

Sikulia. Ningelia angesikia, na ingekuwa yeye tena wa kunibembeleza. Niliokota ndengu zilizomwagika nikazirudisha, nikamngoja, kwa sababu nilimwona hajamaliza. Alikuwa ameshika jiwe dogo, analigeuza kati ya kidole gumba na cha pili, anahakikisha kama ni jiwe kweli.

"Na ile Jumapili, Susu, sikukupigia nikitaka dawa."

"Ulikuwa unataka nini, mama?"

Akalitupa jiwe kushoto.

"Nilitaka uniambie nirudi nyumbani."